Idrisa Aliyebaki Chini

Mwaka 1953, katika kambi ya mgodi mmoja wa dhahabu nje ya Geita, walikuwako wanaume watatu walioitwa Idrisa, na wote walikuwa mashuhuri. Maalim Idrisa, Mmanyema, ndiye aliyeswalisha, na ndiye aliyesimamisha magogo ya kuzuia miamba huko chini. Idrisa Golikipa, kijana wa Tanga asiye na ndugu upande huu wa nchi, alishangiliwa uwanjani kila Jumapili. Wa tatu alizaliwa Ngassa, mwana wa wafugaji wa Samuye. Aliposilimu alichukua jina la Maalim aliyemfundisha dini. Huyo alikuwa mume wa Nyamizi, na kwa kuimba wakati wa kupiga sululu hakuwa na mpinzani.

Nyamizi alikuwa akitwanga mtama king'ora kilipolia. Aliutupa mchi, akakimbia.

Kwenye mdomo wa shimo wachimbaji walikuwa wakitoka, weupe kwa vumbi. Mmoja wao, Donatus, alikohoa mpaka akapiga magoti.

"Kumeporomoka, shemeji," alisema. "Idrisa amefunikwa."

"Idrisa yupi?"

"Sijui. Nimesikia tu watu wakiliita jina. Wengine wanatokea shimo la pili."

Nyamizi akaketi palepale. Mke wa Maalim alikuja akakaa karibu naye, wakashikana mikono. Kila mmoja alimwombea wake, na kila mmoja aliona haya kumtazama mwenzake.

Maalim alitokea kwanza, bila kofia. Mkewe akaangua kilio, kisha akamkumbuka Nyamizi, akanyamaza. Baadaye kidogo akaja mume wa Nyamizi, paji la uso limechanika.

"Ni Golikipa," alisema. "Yuko nyuma ya kifusi."

Mnyapara wao, Stanslaus, alizungumza na Mzungu msimamizi, kisha akawageukia watu.

"Mwamba bado unasogea. Amri ni kwamba asishuke mtu. Nendeni nyumbani. Mungu amrehemu."

Watu wakaanza kutawanyika. Jirani mmoja alimgusa Nyamizi bega: "Shukuru, mama. Wako amepona."

"Yaya," Nyamizi alijibu kwa Kisukuma. Akasimama, akasema tena kwa Kiswahili, kwa sauti: "Hapana! Mama yake Golikipa yuko Tanga, hajui lolote. Angekuwapo hapa, angekwenda nyumbani? Basi leo mimi ni dada yake, na siondoki."

"Mwanamke, miamba haisikilizi maneno," alisema Stanslaus.

"Sisemi na miamba. Nasema nawe."

Maalim alijifuta uso. "Kuna njia ya zamani," alisema polepole. "Magogo yake niliyasimamisha mwenyewe. Inafika karibu na alipokuwa. Mimi nashuka."

"Na mimi," alisema mume wa Nyamizi.

Nyamizi alimtazama. Ndiyo kwanza amempata. Alichana ncha ya kanga, akamfunga jeraha, akakaza fundo.

"Nenda," alisema.

Stanslaus alimpa Mzungu kisogo. Kisha akachukua taa ya kabaidi, akatangulia mbele yao.

Walichimba mchana kutwa. Wanawake walijipanga kwenye njia ile ya zamani, wakapokezana makarai ya mawe mpaka viganja vikachubuka. Huko ndani mume wa Nyamizi aliimba kwa nguvu ili aliyefunikwa asikate tamaa. Alasiri jiwe likagongwa upande wa pili, hafifu, halafu tena.

Jua likielekea kuzama wakamtoa, hai, mguu wa kulia umesagika.

Ulikatwa chini ya goti. Stanslaus alifukuzwa kazi kwa kuvunja amri, akarudi kwao Ushirombo kulima, wala hakusikika akijuta. Golikipa alilala nyumbani kwa Nyamizi wiki nyingi, amegeukia ukuta.

"Mngeniacha," alisema siku moja. "Golikipa wa mguu mmoja ni wa kazi gani?"

"Sijui," Nyamizi alijibu, akimsogezea sahani. "Kula kwanza."

Ijumaa moja alidai magongo, akatoka peke yake kwenda msikitini. Alianguka mbele ya kisima, watu wote wakiona. Mume wa Nyamizi alikimbia kumwinua.

"Niache!" alisema Golikipa, mchanga mdomoni. Akalivuta gongo moja, kisha la pili, akainuka kwa taabu, jasho likimtiririka. Akaendelea na safari.

Swala ilikuwa bado haijaanza alipofika.