Nani Apandikize Mpunga wa Devota

Gari lilipotua kwenye jaruba la mpunga, vyura walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na shughuli zao. Darshan Harilal, dereva, alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kona nyingine. Pembeni yake msoma ramani wake, Zabron Kalinga, alikuwa ameinua daftari juu ya kichwa lisilowe, maana maji ya tope yalishaanza kuingia mlangoni.

"Umeniambia nini?" Darshan akauliza huku akivua helmeti.

"Nimekuambia kulia."

"Hujaniambia kulia."

"Kulia tatu, inafunga. Nimesema mara mbili. Hata hawa vyura wamesikia."

Ilikuwa Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, siku ya pili ya mbio za magari zilizoanzia Mbeya na kuishia Iringa. Walikuwa katika hatua ya mwisho, kwenye barabara ya Idodi, na mwisho wenyewe ulikuwa umebaki kilomita nne. Walikuwa wanaongoza kwa sekunde arobaini. Darshan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Iringa mjini, alikuwa ameshindana miaka tisa bila kushinda hata mara moja. Zabron, mwalimu wa jiografia wa sekondari, alikuwa amekaa kiti cha kushoto kwa miaka sita kati ya hiyo, akimsomea kona moja baada ya nyingine: upande gani, gia ya ngapi, na kama kona inafunguka au inafunga, yaani inazidi kubana kadiri unavyoingia. Kona hii ilikuwa inafunga. Gari lao halikufunga. Lilikwenda moja kwa moja, likaruka tuta, likalala katikati ya miche iliyopandikizwa juzi tu.

Milango iligoma. Wakatokea madirishani. Darshan alikuwa amekaa juu ya paa, anajikung'uta, simu yake ilipoita. Ilikuwa redio ya mjini. Mtangazaji alitaka kujua, moja kwa moja hewani, mbona gari lililokuwa linaongoza halijafika.

Darshan alitazama maji, akatazama mpunga, akajibu: "Msoma ramani wangu amekosea. Ndiyo mambo ya mbio."

Zabron alikuwa amesimama kwenye tope hadi magotini, hatua tatu kutoka pale. Mkuu wake wa shule husikiliza redio ile kila Jumapili. Wanafunzi wake nao husikiliza, na mama mkwe wake pia. Aliweka daftari juu ya boneti polepole, akavuka hadi kwenye tuta, akakaa, akampa Darshan mgongo.

Watu walikuwa wanatoka misa ya kwanza. Mbele yao alikuja mama wa miaka kama sitini, amefunga kitenge cha kanisani, rozari bado mkononi. Alisimama ukingoni, akalitazama gari kuanzia taa za mbele hadi za nyuma.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mama," Darshan akaitikia juu ya paa. Alizaliwa Iringa, na Kihehe chake hakikuwa cha kuombea maji tu.

"Mimi ni Devota. Hili jaruba ni langu. Nyie mmekuja kununua mpunga au mmekuja kulima?"

"Tumekosea njia, mama."

"Nani amekosea?"

"Yeye," wakasema wote wawili, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

Aliyefika baada yake ni Philbert, mwenyekiti wa kitongoji, na mara tu baada ya Philbert ikafika pikapu ya mafundi. Iliendeshwa na Nidhi, mke wa Darshan, aliyekuwa mkuu wa mafundi, mkuu wa chakula na, kwa maneno yake mwenyewe, mkuu wa kuokota mabaki. Aliwaangalia mumewe na Zabron, akahakikisha wana mikono na miguu yote, akashusha kamba.

"Kamba ingoje, mwanangu," Devota akasema. "Gari hili halitoki mpaka nijue nani amekosea."

"Mama, tutalipa," Darshan akasema.

"Hela itaota mizizi? Miche ipo kitaluni, imebaki ya kutosha. Mikono ndiyo sina. Binti yangu yuko Mbeya, mgongo wangu mnauona. Aliyekosea ndiye atakayepandikiza."

"Leo Jumapili," mtu mmoja akakumbusha. "Jumapili hatushiki tope."

"Kupandikiza kwangu mimi ingekuwa kazi," Devota akajibu. "Kwake yeye ni kitubio."

Hapo hoja zikaanza. Mpaka dakika ile Darshan na Zabron walikuwa wanagombea heshima. Sasa walikuwa wanagombea kuukwepa mpunga, na sauti zikapanda. Nusu ya watu walisema mwenye usukani ndiye mwenye kosa, kwani gari haliendeshwi kwa daftari. Nusu nyingine wakasema hapana, anayeongoza kipofu ndiye wa kuulizwa kipofu akitumbukia. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti na kandambili akatoa hoja ya tatu: kosa ni la kona. Kona ile, alisema, ilishameza malori mawili ya mahindi na pikipiki ya katekista.

"Sawa," Philbert akasema, "lakini kona haiwezi kupandikiza mpunga."

Nidhi hakungoja mwisho wa hoja. Alivua viatu, akaingia majini, akaingiza mkono dirishani na kutoa kamera ndogo iliyokuwa imebandikwa kwenye kioo cha mbele, yenye jicho moja barabarani na jingine ndani ya gari. Akaiunganisha na simu yake. Watu wakabanana. Devota akapewa nafasi ya mbele kama mama wa bwana harusi.

Kwenye picha gari lilikuwa linaruka na kutetemeka, na sauti ya Zabron ilisikika wazi: kushoto nne, mita hamsini, kulia tano. Kila aliposoma, Darshan aliitikia, "Haya." Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kushoto mbili. Haya. Kulia nne. Haya. Kisha gari likaruka kalavati, likatua kwa kishindo, na baada ya hapo ile "haya" haikusikika tena. Zabron aliendelea kusoma. Alisoma kona saba, na mwishoni kabisa akasema, "Kulia tatu, inafunga. Kulia tatu, inafunga." Halafu ukaonekana mpunga.

Zabron alisimama pale tutani. "Mmesikia? Mara mbili!"

Watu waliokuwa upande wake wakapiga makofi. Darshan akashuka kwenye paa.

"Rudisha nyuma," Devota akasema. Nidhi akarudisha. "Hapo. Simamisha. Mwalimu, hapa umegeuka ukamwangalia mwenzako. Ulikuwa unamwangalia nini?"

Zabron akaisogelea simu. "Hakuitika."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kusoma."

"Kwa sauti ileile?"

Zabron aliangalia miguu yake, ambayo haikuonekana kwa sababu ya tope. "Chini kidogo," akasema.

Kicheko kilichopanda kiliwarusha ndege waliokuwa kwenye mpunga wa jirani. Zabron akajitetea kwamba jana yake pale Chimala, gari likiwa limesimama kujazwa mafuta, Darshan alimwambia mbele ya mafundi kuwa kazi ya kusoma daftari hata kasuku anaiweza. Hapo ndipo, akasema, alipoapa moyoni kwamba atasoma kama kasuku: hatauliza, hatahangaika.

"Na wewe," Nidhi akamgeukia mumewe, "hapa baada ya kalavati unapigapiga helmeti. Unapiga nini?"

"Waya."

"Waya gani?"

"Wa kusikilizia. Umechomoka." Darshan akakohoa. "Ulianza kulegea jana."

"Uliniambia umeuunga!"

"Niliuunga."

"Kwa kitu gani?"

Sauti ya Darshan ikapungua. "Kwa gundi ya karatasi."

Nidhi akawageukia watu wa kitongoji kana kwamba ni ndugu zake wa kikao. "Mnamwona huyu? Dukani kwake kuna waya wa kila rangi. Kuna risasi ya kuunganishia. Wateja wanatoka Makambako wanakuja kununua. Yeye kichwani mwake anaweka gundi ya bahasha."

"Sasa si ungesema husikii!" Zabron akapaza sauti. "Ungenigusa bega!"

"Nikuguse uniambie nini? Jana nilikuomba mara tatu urudie kona, ukaniambia, 'Nikusomee taratibu kama darasa la kwanza?' Nikasema basi, siulizi tena. Barabara hii naijua, nawapeleka wageni Ruaha kila mwaka. Hata kona hii naijua."

"Inaonekana na yenyewe inakujua," akasema Philbert.

Devota alikunja rozari yake, akaitia kwenye kibindo. Hakucheka. Alisema kwa utulivu, kama anayegawa chakula:

"Huyu alijua hasikii, akanyamaza. Huyu alijua hasikiki, akaendelea. Mmeingia wawili, mtapandikiza wawili. Kamba sasa ifungwe."

Gari lilivutwa na pikapu pamoja na wanaume kumi na mbili, na kila aliyevuta alikuwa na maoni yake juu ya namna ya kuikata ile kona. Kisha Devota akaleta miche, akawaonyesha mara moja tu: mashina mawili mawili, kidole gumba kinasukuma, usizamishe moyo wa mche. Wakainama, wote wawili na ovaroli zao za mbio, ya Darshan ikiwa nyekundu yenye jina la duka mgongoni.

Mstari wa kwanza walipanda wamepeana migongo. Wa pili pia. Mistari ya Zabron ilinyooka; ya Darshan ilikuwa inapindapinda, na watoto wa kitongoji wakakaa tutani kuisoma: kushoto nne, kulia mbili.

Katika mstari wa tatu Darshan akasema, "Lile neno la kasuku halikuwa zuri."

Zabron akachomeka miche mitatu kabla ya kujibu. "La kasuku lilishapita. Nimelilipiza leo, na ona tulipo. Lakini redio, Darshan. Kesho asubuhi nasimama mbele ya watoto mia moja na ishirini."

Darshan akanyooka, akashika kiuno. Alipangusa mikono kwenye ovaroli, ikazidi kuchafuka, akapiga simu redioni. Akaambiwa habari za mbio zimeshakwisha, sasa ni kipindi cha salamu, na mbele yake kuna watu kumi na mmoja. Akasubiri. Alisimama kwenye tope na simu sikioni kwa dakika thelathini na tano, akipandikiza kwa mkono mmoja, mpaka Nidhi aliyekuwa amewasha redio ya pikapu akapiga kelele, "Uko hewani!"

Sauti ikatoka kwenye pikapu, na kitongoji kizima kikasikia.

"Mimi ni Darshan Harilal, niko Idodi, kwenye jaruba la mama Devota. Nawasalimia wote. Nakiri kwamba leo asubuhi nimesema uongo. Mwalimu Zabron Kalinga alisoma sawasawa. Mimi sikusikia, na nilijua sisikii."

Kisha mtangazaji akauliza, "Na ungependa tukupigie wimbo gani?"

Darshan alimwangalia Zabron. Zabron alikuwa ameuma midomo, mabega yanatikisika, na mara akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa kwenye maji, juu ya miche mitano aliyokuwa ameipanda mwenyewe.

"Hiyo utairudia," Devota akamwambia.

Walimaliza saa tisa. Devota akawapa ugali na matembele, akawasindikiza hadi barabarani, na walipoondoka tu akarudi kung'oa mistari yote ya Darshan, kwa sababu mgongo wake ungemuuma zaidi kuitazama kuliko kuipanda upya. Walioshinda mbio ni vijana wawili wa Mbeya ambao, siku zote mbili, hawakuongoza hata hatua moja. Hawakufanya lolote la ajabu, walifika tu.

Zabron hakuahidi kurudi kwenye kiti. Alisema atafikiria, akafikiria miezi mitatu. Wakati huo Darshan aliingia mbioni mara moja akiwa na msoma ramani mwingine, Anania, mpole, asiyepaza sauti wala kubisha, wakawa wa kumi na moja. Mwezi wa Julai Zabron alipita dukani kununua bawaba, na Darshan mwenyewe akamhudumia.

"Waya umeunganishwa," Darshan akasema, akihesabu skrubu.

"Nani kauunganisha?"

"Nidhi."

"Basi nitakuja," Zabron akasema, akachukua bawaba zake.