Koko wa Miaka Sita

Nikiwa na miaka sita tayari nilikuwa koko wa watu. Asubuhi baba yangu mzazi, Papa Barthélemy, alinisalimia, "Koko, umeamuka?" na wageni walidhani anamsalimia mama yake, aliyekuwa nyuma yangu akichambua maharagwe.

Koko ndiyo nyanya, yaani bibi. Wengine husema neno hilo tuliletewa Bukavu na askari na muziki wa Kinshasa. Bibi yangu, mzaliwa wa kijiji cha Miti, alisema lilitungwa na vizee wasio na meno, maana neno refu zaidi ya hapo lingewashinda.

Mimi nilipewa jina lake la ubatizo, Euphrasie. Kwetu, mtoto hupewa jina la mkubwa ili siku mkubwa akiondoka, jina libaki linatembea. Bibi alilitegemea jambo hilo kabisa. Halafu, mwaka 1972, serikali ikaamuru kila Mzaire aache jina la kizungu. Papa akarudi na karatasi: mimi sasa Nsimire, bibi Nabintu. Bibi akanuna siku mbili, hata sambaza, vile visamaki vya ziwani, hakuonja. Aliogopa kwamba akifa, atakuwa amekufa kweli.

Siku ya tatu naye akatoa amri yake.

"Koko hawakuikataza. Basi huyu mutoto mumuite Koko."

Cheo kikanipanda kichwani. Nikatangaza kwamba koko hateki maji, hatumwi dukani, na hukaa kwenye kiti. Mama akaanza kutafuta fimbo. Bibi akasema haki ni haki, akabeba bidon ya maji mwenyewe, akashuka bombani. Nikaona haya, nikamfuata. Tangu siku hiyo tuliteka pamoja, na mtu aliyesema "koko, songa kidogo" tulimgeukia wote wawili kwa maringo.

Miaka kumi na mbili baadaye bibi akaugua, na kumbukumbu ikaanza kumtoroka. Muuguzi akamuuliza jina. Bibi akatafuta, akakosa. Hilo la Nabintu hakuwahi kulizoea. Akanishika mkono.

"Jina yangu iko kwa huyu Koko. Niliiweka kwake."

Muuguzi akanitazama. Nikalitaja jina lililokatazwa, kwa sauti. Akaangalia mlango kwanza, kisha akaandika: Euphrasie.

Bibi akafumba macho, ameridhika.

"Muzuri, Koko. Sasa maji utateka weye."