Fedha Chini ya Pembe

Shimo lenyewe halikuwa kubwa. Ngumi ya mtoto ingelijaza. Lakini Voahirana hakuweza kupita karibu na msingi wa nyumba yake mpya uliotelekezwa bila kulitazama, kama ulimi unavyorudia pengo la jino. Hapo, katika pembe ya kaskazini-mashariki, ambayo kwao ni ya wazee waliotangulia, ndipo ilipozikwa sarafu ya fedha, nzima, isiyokatwa, ili nyumba nayo isije ikamegeka. Fundi wa kwanza alitoroka na malipo ya awali. Hilo angelimeza. Lakini kabla ya kutoroka aliifukua na ile sarafu.

Sasa fundi wa pili, Tovohery, alikaa juu ya rundo la matofali akinywa maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, huku akiizunguka hoja kwa mbali kama adabu ya nyanda zao za juu inavyotaka. Aliusifu mpunga, akaulalamikia umande, akawaulizia hata kuku.

"Kuku hawajambo, mwanangu," Voahirana akamkatiza. "Tuseme la pesa. Mimi mjane, na mvua hainisubiri. Sitoi kitu mpaka nione ukuta."

"Mama, vijana wangu watakula nini? Chokaa?"

"Aliyekutangulia aliniuliza hivyohivyo. Mpaka leo anakula pesa yangu, na sijui yuko wapi."

Tovohery akacheka. "Na mtu wa mwisho niliyemjengea alisema kama wewe. Nikajenga mpaka vigae vya juu, akaninyima malipo, eti mkewe hakuipenda rangi yavyo! Basi tumekutana wawili wenye vidonda. Taratibu tusitoneshane."

Wakavutana mpaka kivuli cha rundo kikawafikia miguuni. Vifaa angenunua mama mwenyewe. Theluthi ya malipo ya ufundi ingetoka siku hiyohiyo, kwa kuwa mpiga ramli alikwisha kuitaja kuwa siku njema. Theluthi nyingine, kuta zikifika kwenye linta, juu ya milango na madirisha.

"Na ya mwisho," Voahirana akasema, "baada ya mvua kubwa ya kwanza."

"Loo! Unataka Mungu awe msimamizi wangu?"

"Yeye hahongwi."

Fundi alikuna kidevu, akaitazama anga tupu. "Haya. Ila mvua hiyo ikija, mimi na vijana wangu tutalala humu ndani. Nyumba ikivuja, ituvujie sisi."

Voahirana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Maneno makali aliyoyanoa wiki nzima yakakosa kazi. Alikuwa amepanga pia kumwita mpwa wake aje kuweka sarafu nyingine na tofali la kwanza la pembe, naye mwenyewe asimame hapo kama askari mpaka udongo ukauke. Akamtazama fundi tena, kama amtazamavyo mtu anayeingia nyumbani kwake.

"Wazazi wako wapo?" akauliza. Kwa mila yao, tofali hilo haliwekwi na yatima.

"Wote wawili. Baba bado ananigombeza kwa simu kila Jumapili."

Akafungua pindo la shuka lake. Fundo moja lilikuwa na noti; fundi akazipokea kwa mikono miwili, bila kuzihesabu. La pili alichelewa kulifungua. Sarafu ya fedha aliyoachiwa na mama yake, ya mwisho nyumbani mwake, ilimwangukia kiganjani ikiwa bado na joto la mwili.

"Iweke wewe."

Tovohery akaifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. "Mama... si ungempa ndugu?"

"Nimekupa wewe."

Akapiga magoti kando ya lile shimo, akalisafisha kwa kidole. "Basi sogea uone. Nikishafunika hutaiona tena."

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikichezacheza jikoni. Mguu mmoja wa Voahirana ulikwisha kuanza kuelekea kwenye ile pembe.

"Wali wangu utaungua," akasema, akageuka.

Nyuma yake mwiko wa fundi ulikwangua, ukanyamaza, ukanyamaza mno, kisha ukaanza kugonga tofali, taratibu. Voahirana hakugeuka. Akasukuma kuni ndani, akaukadiria wali kwa macho, akashusha bakuli za wageni kutoka rafuni.