Mustari wa Kijivu

Gentil alinicheka wiki nzima. Eti mimi Kaswera napaka ordinateri poda. Mimi na yeye ndio tunashika kompyuta za kituo cha afya hapa Katoyi, Goma, na wiki hiyo nilikuwa napanga rangi katika programu ninamoandikia kodi, yaani amri za mashine. Acha acheke. Macho ni yangu, si yake.

Shida ilikuwa hii. Scripti yetu, ile orodha ya amri za kusafisha fishi za watoto, yaani kadi zao za matibabu, imeandikwa kwa lugha ya shell, lakini katikati yake kuna kipande kirefu cha lugha nyingine, ile inayoamuru hifadhi ya fishi: weka hii, futa ile. Programu ilikichukua kipande hicho chote kama maneno matupu, ikakipaka kijani kuanzia juu hadi chini. Amri ya kufuta ni kijani, maelezo ya kando ni kijani. Mutu asome nini hapo?

Scripti yenyewe aliiandika Gentil, maana fishi zilijaa marudio: mutoto anaandikwa kwetu, familia inahamia mtaa wa Mapendo, anaandikwa tena huko katika hifadhi hiyohiyo. Ilipangwa ianze kujiendesha Jumatatu saa sita mchana. Na kopi ya fishi hatukuwa nayo, disiki yake ilikufa na ombi la nyingine bado linatembea maofisini.

Jumatatu hiyo, saa tano na nusu, rangi zilikuwa bado zinanigomea. Niliiambia programu: ukikuta alama hii, soma kama lugha ya hifadhi, ukikuta ile ya kufunga, rudi kwenye shell. Haikurudi. Ukurasa wote ukawa mwekundu, nami nikatukana vizuri. Kumbe alama ya kufunga nilikuwa nimeiandika vibaya. Nikaisahihisha, nikafungua scripti upya, na sasa amri zilikuwa bluu, majina meusi, kila kitu mahali pake. Nikajisifu kidogo, maana nani mwingine angenisifu?

Halafu nikaona mustari mumoja wa kijivu. Kijivu niliyapa maelezo, yale maneno ambayo mashine inayaruka. Na mustari huo ndio uliosema: futa tu kama tarehe ya kuzaliwa ni ileile. Ulikuwa umezimwa. Mashine ingelinganisha majina peke yake, na kubakiza fishi moja tu kwa kila jina.

Sisi Wanande tunapewa jina kufuatana na nafasi ya kuzaliwa, kila nyumba ina binti Masika wake. Na dirishani, mama akiulizwa haraka jina la mutoto, anasema hilo moja tu. Nikatafuta: fishi sitini na moja zilizoandikwa Masika tu, bila jina lingine. Humo kuna watoto wa dawa ya kila mwezi, na kipimo cha dawa ya kila mumoja kimeandikwa humo tu.

Nikaizima scripti. Zilibaki dakika saba. Nilikaa, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikacheka peke yangu. Tangu mwaka uanze sijafurahi namna ile.

Gentil alipoingia nilimwonyesha, nikitegemea aseme alisahau. Hakusahau. Aliuzima kusudi, kwa sababu wamama wanataja tarehe tofauti kila wakija. Yeye ni mutu wa Bukavu, hajui desturi yetu ya majina. Alipoona Masika wengi hivyo, alidhani ni mutoto mumoja anayezungushwa vituo vyote vya Goma.

Ningeweza kumufokea, na ulimi ulikuwa tayari. Nikamushika mukono tu, nikamupeleka barazani, kwenye benchi ambapo wamama wanasubiri na watoto wao.

“Mama wa Masika,” nikaita.

Wakasimama watano. Mumoja alikuwa na wake mugongoni, amelala.

Gentil aliwaangalia watoto, mumoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho.

“Ningefuta wanne,” akasema.