Zamu Mbili za Mwendesha Lifti

Saa tatu asubuhi fundi alipiga magoti mbele ya lifti ya mizigo ya kiwanda cha sabuni, akafungua kisanduku cha ukutani na kuchomeka kebo kwenye kompyuta ndogo iliyokuwa ndani, isiyozidi ukubwa wa kiganja. Lifti ilikuwa imegoma tangu juzi. Kompyuta ya mkononi aliyokuja nayo haikuonyesha hata herufi moja.

Kosa lilikuwa la kitoto: waya wa kutuma alikuwa ameuunganisha na waya wa kutuma, kila upande unasema na hakuna anayesikiliza. Akazipishanisha nyaya. Herufi zikaja, lakini takataka tupu, kwa sababu kasi za kutuma herufi za kompyuta hizo mbili hazikulingana. Akashusha kasi hadi biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde. Maandishi yakanyooka.

"Mdogo wangu, umechelewa. Hata shule ulikuwa wa mwisho kufika."

Aliyeandika alikuwa kaka yake, mwendesha lifti, aliyetumbukia kwenye shimo la lifti hiyohiyo wiki sita zilizopita akafa papo hapo. Fundi alihakikisha waya wa ardhi umekaza, kisha akaandika: "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Mama hakuwa na hali. Ripoti ya ajali ilibandikwa getini, ikisema marehemu alifungua mlango mwenyewe kwa uzembe, na tangu siku hiyo mama alikuwa hatoki nje. Alimwomba fundi jambo moja tu, jina la mwanawe lisafishwe.

"Nani alifungua mlango?" fundi aliandika.

"Niliukuta wazi, na lifti haikuwepo. Swichi ya usalama haifanyi kazi. Mulika juu ya mlango, kwa ndani."

Fundi akaingiza kichwa shimoni na kuwasha tochi. Waya mfupi mwekundu ulikuwa umeiruka swichi, ili lifti iende hata mlango ukiwa wazi. Kwenye waya palikuwa na kipande cha utepe mweupe kilichoandikwa "kwa muda". Mwandiko ulikuwa wake.

Miezi minne nyuma meneja alimpigia simu: mzigo unasubiriwa, mlango unasumbua, tuwekee njia ya mkato leo tu, kesho utaiondoa. Kesho yake alipelekwa kwenye mtambo mwingine. Fundi akatoa kichwa shimoni, akakaa sakafuni mbele ya kompyuta.

"Ulijua?" aliandika kwa kidole kimoja.

"Niliusoma nikipita kwenda chini. Nikasema, huyu si mdogo wangu?"

Meneja alifika wakati huo, akaweka miwani sawa na kusoma kila kitu kuanzia juu.

"Mwambie pole sana," alisema. "Muulize kama anaweza kuendesha lifti akiwa humo."

"Naweza," yalijibu maandishi.

"Safi. Tumpe zamu zote mbili, maana sasa halali usingizi."

Fundi alisimama, koleo mkononi. "Bosi, niukate huu waya. Na ripoti ibadilishwe."

"Ripoti ina muhuri. Na waya tuuache kwanza, mzigo wa leo upande." Meneja akafikiri kidogo. "Halafu tukiibadilisha, itabidi tuseme na ule mwandiko ni wa nani."

Fundi akashusha koleo. Lifti ikanguruma, ikapanda na mabunda ya sabuni, mlango wazi. Wapakiaji walimsalimia mwendeshaji na kuendelea na kazi.

Jioni mama alimkuta fundi mlangoni, hajavua viatu.

"Wamesemaje?"

"Wamemrudisha kazini, mama."

Mama akatua beseni. "Ikiwa mwanangu alikuwa mzembe, mbona wamemwachia lifti peke yake?"

Fundi aliinama kufungua kamba za viatu.

"Basi mlango uliachwa wazi na nani?"

"Hawajui, mama," fundi alisema. "Bado hawajui."