Sauti ya Kwanza ya Mzee Absalom

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, tulikuwa watatu katika darasa la watoto la kanisa moja kusini-magharibi mwa Houston. Ibada ya kumuaga Mzee Absalom ilikuwa saa tano. Baada ya hapo mwili ungepelekwa uwanja wa ndege, kisha Kilimanjaro, hadi nyumbani kwake Machame. Kwa miaka thelathini mzee aliongoza kundi la tarumbeta la usharika wake wa Kilutheri huko. Binti yake, Matumaini, alituomba jambo moja tu: baba yake asitoke kanisani bila tarumbeta.

Mimi ni Leonce, Mkatoliki wa Bukoba. Kazi yangu ni kukagua programu za kompyuta katika mji wa Richardson, mwendo wa saa nne hivi kwa gari, na sikuwahi kushika tarumbeta mpaka nilipofikisha miaka arobaini na nne. Nilijifunza mwenyewe kwa kitabu cha Kimarekani, mwaka mmoja na miezi miwili, ndani ya gari lililoegeshwa ili majirani wasilalamike. Mpigaji wa sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo wenyewe, katika kundi la tarumbeta la kanisa lile la Houston alikuwa amehamia Minnesota. Matumaini, ambaye tuliwahi kufanya kazi pamoja, alinipigia simu Jumanne, akanitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Niliupiga wimbo ule kila jioni hadi midomo ikavimba. Ijumaa niliumaliza mara sita bila kukosea, nikaendesha gari kuja Houston nikiwa na amani.

Wenzangu wawili niliwaona kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Naserian, muuguzi, alijifunza tarumbeta akiwa msichana kwenye usharika wao Arusha; alikuwa bado na sare ya hospitali. Rogers, mzee wa miaka sitini na kitu, alipiga baritoni, lile pembe kubwa la kupakata, na alikuwa mwanafunzi wa marehemu. Aliweka kitabu mbele yetu, akahesabu tatu, nne.

Sauti zetu zilitoka kama honi za magari mawili yanayogombea njia.

Tulirudia. Ikawa vilevile. Rogers alinitaka nikaze midomo, nikakaza. Akanitaka nipulize kutoka tumboni, nikapuliza. Mara ya nne aliweka baritoni sakafuni.

"Bukoba mna ngoma nzuri sana, bwana," alisema. "Hii mngetuachia wenyewe."

Naserian alicheka kidogo, kisha akaacha. Saa ya ukutani ilikuwa tatu kasoro dakika kumi.

Rogers hakuwa mkali kwa kupenda ukali. Alinieleza kwamba katika kundi la Mzee Absalom jeneza hutembea tarumbeta ikilia. Sauti ya kwanza ikinyamaza, wabebaji wanasimama, hata kama wako mlangoni. Wabebaji wa siku hiyo, wanaume sita, wote walilelewa hivyo. Hakutaka wakwame katikati ya kanisa na mzee mabegani, mbele ya watu mia mbili. Akasema Naserian achukue sauti ya kwanza, mimi nikakae na waumini.

"Nimetoka kazini saa moja, baba," Naserian alijibu. "Zamu ya usiku kucha, saa kumi na mbili nzima. Beti nne za juu sitazimaliza. Nitanyamaza ubeti wa pili, halafu?"

Rogers alimsogezea kitabu. Alimwomba apige mistari yangu mara moja tu, nisikie inavyotakiwa.

Naserian akapiga. Wimbo ulikuwa uleule nilioujua, lakini juu zaidi. Wakati huo sikuwa nasikiliza sana. Nilikuwa natazama vidole vyake. Nota ya kwanza ni ile iliyo chini ya mistari mitano, kwenye kimstari chake. Kitabu changu kilinifundisha kuipiga bila kubonyeza kibonyezo chochote. Yeye alibonyeza kwa kidole cha kwanza na cha tatu.

Nikamwomba arudie nota ile peke yake. Akarudia, vidole vilevile. Nikapiga yangu. Yangu ilikuwa chini kwa hatua nzima.

"Nani alikufundisha kubonyeza hivyo?" nilimuuliza.

"Ndivyo ilivyo," alisema. "Kwani wewe unabonyezaje?"

Rogers ndiye aliyetufungulia fundo, bila haraka, kama mtu anayekumbuka huku akisema. Wamisionari wa Kijerumani walipowafundisha babu zao tarumbeta, hawakuwapa vitabu vya peke yao. Mpigaji alisoma kitabu kilekile cha mwimbaji, kwa hiyo alifundishwa vidole vya kumpatia sauti ileile ya mwimbaji. Mimi nilijifunza kwa njia ya bendi za Marekani, ambako mwenye tarumbeta huandikiwa karatasi yake, nota zikiwa zimepandishwa tayari hatua moja, kwa kuwa tarumbeta hulia chini kwa hatua moja kuliko inavyoandikwa. Ukurasa mmoja, shule mbili. Na kwa kuwa wimbo ukishushwa wote unabaki wimbo uleule, ndani ya gari langu, nikipiga peke yangu, hakuna kilichonishtua.

Hakuna aliyekosea. Lakini ilikuwa saa tatu na robo.

Niliomba penseli. Nilichora mistari nyuma ya ratiba ya ibada, nikaandika kila nota ya sauti ya kwanza hatua moja juu zaidi, nikaweka namba za vidole chini ya kila moja. Hiyo niliiweza. Kilichonitisha kilikuwa nota moja katika mstari wa mwisho. Mahali pake pa zamani niliipata kila mara. Mahali pake papya niliipata mara moja kati ya tatu, na huko vidole havisaidii. Kwa maelfu ya miaka tarumbeta haikuwa na vibonyezo. Ilitangaza wafalme na kuamrisha vita kwa midomo na pumzi tu. Kwenye nota ile nilirudishwa huko. Naserian aliniambia nisiijaribu tena, nitunze midomo.

"Ikikukataa, usisimame," Rogers alisema. "Kamata inayofuata. Unanisikia? Usisimame."

Saa sita kasoro wabebaji waliinua jeneza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka kwenye nota ile ya mstari wa mwisho. Nota ikapasuka, ikatoka hewa tupu. Nilimwona mbebaji wa mbele akisita, mguu haujatua. Nikakamata inayofuata. Mguu ukatua.

Ubeti wa pili ikapasuka tena, na safari hii Matumaini, aliyekuwa nyuma ya jeneza, aligeuza kichwa. Mdomo wangu wa juu ulikuwa umekufa ganzi. Nikakamata inayofuata.

Ubeti wa tatu walikuwa kizingitini. Nilipoikaribia nota nilisikia Naserian akiacha sauti yake ya pili na kupanda. Nota ikalia. Ilikuwa yake au yangu, siwezi kusema. Jeneza likavuka mlango, tukalifuata nje juani, na ubeti wa nne ukaisha mlango wa gari la maiti ukifungwa.

Rogers alikuwa akimwaga mate kutoka kwenye baritoni, hanitazami.

"Mzee angekugombeza leo, mdogo wangu," alisema. "Vibaya sana."

Nikasema pole.

"Pole ya nini? Alikuwa anatugombeza sisi, watu wa kundi lake. Mgeni hakuwahi kumgombeza."