Mizeituni ya Shukri Yavuka Lango

Tirtza alishusha ngazi kutoka juu ya gari lake, akampa Widad ncha moja, na wanawake hao wawili wakapanda nayo kilima huku wakibishana, kama kawaida yao, magoti ya nani yalikuwa mabovu zaidi. Tirtza ni Myahudi wa Haifa, muuguzi mstaafu. Kila msimu huja kuwasaidia Widad na mumewe Shukri, Wapalestina, kuvuna zeituni katika shamba lao lililopakana na makazi ya walowezi. Myahudi akiwepo, walowezi hupunguza kurusha mawe.

Hawajamaliza kutandika turubai pamoja na Shukri, Kapteni Gadi akafika na askari wake. Alikuwa kijana mwenye miwani ya bei na akili ambayo bado haijatumika. Alitangaza kwamba shamba limefungwa.

"Limefungwa kwa nani?" Tirtza aliuliza.

"Kwa hawa. Wewe mama unaweza kubaki."

"Mimi sina hata mti mmoja hapa. Nibaki kwa nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Nimezeeka, nasahau. Niambie."

Kapteni akakohoa. "Kwa sababu wewe ni Myahudi."

"Bibi yangu alifukuzwa kwake kwa neno hilohilo," alisema Tirtza. "Lilinuka siku ile, na leo linanuka. Ona haya, mwanangu."

Kapteni hakuona haya. Haikuwa miongoni mwa vifaa alivyogawiwa jeshini.

Shukri na mkewe walisukumwa mpaka barabarani, nje ya lango la jeshi, na Tirtza akatoka nao. Ndipo mzeituni mkubwa kuliko yote ulipong'oa mizizi yake, mmoja baada ya mwingine, ukaikusanya kama mwanamke anavyokusanya pindo la gauni penye tope, ukateremka kilima. Mingine ikafuata. Mmoja mdogo ulinaswa kwenye waya, ikabidi ungojwe.

"Inakwenda wapi?" Kapteni aliuliza.

"Kwa mwenyewe," Widad alijibu, akatandika turubai juu ya lami.

Walivuna mpaka adhuhuri. Madereva walipiga honi, lakini kwa ajili ya foleni tu. Kisha wote watatu wakakamatwa kwa kuziba barabara.

Tirtza alipelekwa mahakama ya mjini. Akapewa kiti na maji baridi, na kabla hajayamaliza akaambiwa aende zake.

"Kosa ni moja, tulilitenda pamoja," alimwambia hakimu. "Nipeleke walikopelekwa wenzangu."

Hakimu alimtazama kama mtu aliyekataa keki, akaita kesi nyingine.

Wenzake walikuwa kwenye kibanda cha bati, mbele ya hakimu aliyevaa magwanda. Huyo aliuliza kama mti ulichochewa kwa Kiarabu. Mkalimani akasema inaelekea hivyo. Widad akaachiwa jioni. Shukri akafungwa mpaka masika.

Majira hayo ya baridi Tirtza alilala mara nyingi nyumbani kwa Widad.

"Mama Ilan, wewe huna kwako?" Widad humtania.

"Ninako. Usingizi ndio sina."

Wakati huo jeshi lilikaa kujadili mizeituni. Wataalamu wakathibitisha kwamba haihatarishi usalama, ikaruhusiwa kuvuka. Sasa kila asubuhi hupita langoni kwenda kwenye udongo wake, na jioni hurudi kijijini. Askari huifungulia kwa adabu, na mmoja huishika matawi isikwaruzwe.

Shukri alipotoka gerezani, alikwenda asubuhi hiyohiyo kupanga mstari nyuma ya mti wake. Mti ukapita. Gadi, ambaye alikuwa amepandishwa cheo kwa kulishughulikia vizuri suala la miti, akanyoosha mkono.

"Wewe rudi."

"Ule mti ni wangu."

"Mti una ruhusa."

Tirtza alishuka garini, akaja kusimama nyuma ya Shukri.

"Nenda, Mama Ilan," Shukri alisema. "Usiungue na jua kwa ajili yangu."

"Nyamaza, Baba Munir. Najisimamia mwenyewe."

"Mama, njia yako ile pale," Gadi akamwelekeza. "Iko wazi."

"Nimeiona."

"Basi pita."

"Akipita huyu."

Gadi akatazama saa, akafunga lango, akaenda kunywa kahawa.